Buti za ngozi, fuko la kulalia na ngazi za ghorofa kumi na moja

Soli ya buti ya kulia ilibanduka nikiwa ghorofa ya saba, jioni moja ya wiki ya nne ya mazoezi. Nilikuwa nashuka na shanta la kilo 8 mgongoni, nikasikia kitu kinaburuta nyuma yangu. Nilipoinama nikaona kisigino kimeachia, na kati ya soli na ngozi pamejaa unga mweusi unaonata vidoleni. Buti ya kushoto ilikuwa bado nzima kwa kuitazama, lakini nilipoibonyeza ubavuni kwa kidole gumba ikabonyea na kuacha ufa.

Buti zile nilikuwa nimezivaa mara nne tu katika miaka tisa. Muda wote huo zilikaa kabatini ndani ya boksi lake, na ungeziona ungesema zimetoka dukani jana. Kwenye orodha yangu ya vifaa vya safari ndizo zilizokuwa za kwanza kupata alama ya vema.

Fundi viatu aliyezipokea hakushangaa hata kidogo. Kati ya mpira wa chini na ngozi ya juu kuna tabaka la povu la poliurethani, ndilo linalobeba kishindo cha kila hatua. Povu hilo huliwa na unyevu wa hewa taratibu, hata kiatu kikiwa hakijaguswa. Tena kiatu kinachokaa tu huharibika upesi kuliko kinachotembea, kwa sababu kukanyaga husaidia kusukuma unyevu utoke. Baada ya miaka mitano hadi kumi povu huanza kusagika, na halitoi taarifa. Kwa hiyo wewe mwenye buti za zamani unazozitunza kwa ajili ya safari kubwa, zitoe leo, zibonyeze ubavuni, kisha zivae utembee nazo saa mbili. Mimi zangu zilinikatikia kwenye ngazi zenye taa na lifti. Ningekuwa mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, usiku, ningezifunga kwa kamba na gundi ya karatasi nirudi chini nachechemea.

Ndipo nikaanza kutafuta upya. Safari ilikuwa ya mlima unaozidi kidogo mita 5,800, njia ya kutembea isiyohitaji kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya buti) wala kamba, siku nane. Ilikuwa imebaki miezi sita.

Buti nilizochagua ni za ngozi nene ya milimita 2.6, shingo ndefu inayofunika kifundo cha mguu, utando wa kuzuia maji ndani, ukanda wa mpira umezunguka chini kote, na soli ya Vibram. Saizi 41, gramu 760 kila mguu. Sitaji kiwanda, maana viwanda vingi hutoa buti za namna hii na kitakachoamua ni umbo la mguu wako, siyo nembo. Mguu wangu ni mpana mbele na mwembamba kisiginoni, na nusu ya buti nilizojaribu zilinibana kidole kidogo kabla sijamaliza kufunga kamba.

Nilikwenda kupima jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama kazini, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na mlimani huvimba zaidi. Nilikwenda na soksi zilezile za safari: nyembamba ndani, nene ya sufu ya merino juu. Kwa kawaida navaa 40. Kwenye 40 nilijisikia vizuri mno nikiwa nimesimama. Muuzaji akanipandisha kwenye ubao ulioinama, akaniambia nishuke kwa kukanyaga kwa nguvu, na vidole vikagonga mbele mara ya kwanza tu. Kwenye 41 havikugonga hata nikiruka. Ubao ule wa mbao, usiozidi mita moja na nusu, ndio ulioziokoa kucha zangu. Duka lisilo na ubao, tafuta ngazi yake.

Niseme neno kuhusu uzito, maana ndilo lililonisumbua zaidi. Gramu 760 ni nyingi. Uzito wa mguuni hauhesabiwi kama uzito wa mgongoni: kila ukiongeza gramu 100 kwenye kiatu, mwili hutumia nguvu zaidi kwa takriban asilimia 1 katika kutembea. Zipo buti za kitambaa za gramu 500 ambazo ningezipenda sana kwa njia za chini. Lakini nilitaka ngozi nene kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya changarawe ya kushukia, na baada ya safari sijabadili mawazo. Hata hivyo ukichagua buti nzito, mapaja yako lazima yazizoee wiki nyingi kabla, siyo wiki ya safari.

Na mimi mlima wangu wa mazoezi ulikuwa jengo ninalofanyia kazi. Ghorofa kumi na moja, ngazi 220, kila moja sentimita 17. Mzunguko mmoja unakupandisha mita 37 na ushee. Nilianza na mizunguko minne bila mzigo na raba za kawaida, siku tatu kwa wiki. Mwezi wa sita nilikuwa nafanya mizunguko ishirini, kilo 12 mgongoni, buti miguuni: karibu mita 750 za kupanda na 750 za kushuka, kwa saa mbili kasoro. Mzigo wangu ulikuwa maji. Chupa kumi na mbili za lita moja, hesabu haina utata, na miezi miwili ya kwanza nilizimwaga juu kila nikimaliza mzunguko wa mwisho ili nishuke mwepesi, magoti yapumzike. Mwezi wa tatu nikaacha kumwaga. Kushuka ndiko kunakovunja mapaja, kwa kuwa msuli unajikaza huku unavutwa kurefuka, na maumivu yake huja kesho yake au keshokutwa. Wiki ya kwanza ya kushuka na mzigo kamili nilishika ukuta kwenda chooni. Wiki ya nne sikusikia kitu. Mwili hujifunza jambo hilo upesi, ukiupa nafasi ya kujifunza.

Jumamosi nilikuwa natembea saa sita mfululizo, kwa mwendo ambao ningeweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Walioanza pamoja nami walidhani ni mwendo wa kizembe. Ndio mwendo wa mlimani.

Buti hazikunipokea vizuri. Wiki ya pili nilipata lengelenge kisigino cha kushoto, kubwa kama kitufe cha koti, na nikakaribia kuzirudisha. Kilichonitibu ni namna ya kufunga kamba: pale mguu unapokunjika, juu ya matundu ya mwisho kabla ya ndoano, unazungusha kamba mara mbili badala ya mara moja, unakaza, kisha unaendelea juu. Fundo hilo linashika mguu wa mbele usilegee na kisigino kinabaki kimekaa mahali pake. Kuanzia siku hiyo sikuona lengelenge jingine, ngazini wala mlimani. Nikiwa nashuka nakaza zaidi hapo kwenye kifundo. Nikipanda nalegeza juu ili muundi upate kuinama mbele. Dakika mbili za kufunga upya kileleni zina thamani kubwa kuliko soksi yoyote ya bei.

Utando wa kuzuia maji unafanya kazi yake. Nilivuka kijito hadi karibu na shingo ya buti, soksi zikabaki kavu. Kasoro yake ni joto: ngazini, ndani ya jengo, miguu ilitota jasho, na buti ikilowa kwa ndani inachukua usiku kucha na zaidi kukauka. Toa soli ya ndani, fungua kamba kabisa, ziweke penye upepo. Usizisogeze karibu na moto. Ngozi hukakamaa na kupasuka, gundi hulegea, na uharibifu huo hauna fundi.

Kuhusu soli, mimi naiheshimu kwa sababu ya ilikotokea. Vitale Bramani, mpanda milima wa Italia ambaye jina lake ndilo lililozaa jina la Vibram, alipoteza wenzake sita mwaka 1935 katika milima ya Alps, katika zama ambazo wapandaji walibadilisha viatu njiani: vizito vyenye misumari kwenye soli kwa njia za chini, vyepesi kwa miamba, na hivyo vyepesi havikukinga baridi. Akakaa akatafuta soli moja ya mpira inayoweza kufanya kazi zote, na mwaka 1937 akaipatia hataza. Meno ya soli yangu bado yana mchoro wa ukoo ule. Kwenye changarawe, theluji ngumu na mwamba mkavu nilijiona nimeshikwa na ardhi. Kwenye mwamba laini uliolowa iliteleza mara mbili, na ya pili niliangukia kiganja. Mpira wake ni mgumu ili udumu. Ugumu huohuo ndio unaoteleza. Penye maji punguza mwendo.

Sasa fuko la kulalia. Hapa watu wengi wanadanganyika na namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Lebo ya fuko langu ina namba tatu kwa mujibu wa kipimo cha ISO 23537: nyuzi hasi 6, hasi 12 na hasi 30. Ya kwanza ndiyo ya kulala kwa raha, na hupigiwa hesabu kwa mwanamke wa kawaida. Ya pili ni mpaka, hupigiwa hesabu kwa mwanamume aliyejikunja. Ya tatu ni ya kunusurika, yaani baridi ambayo unaweza kuivumilia saa chache bila kufa huku ukitetemeka. Mimi ni mwanamke wa kilo 61 na miguu yangu hupoa upesi, kwa hiyo namba yangu ni hasi 6, na ningekuwa mjinga kununua kwa kufuata hasi 12. Kuna fuko nililoliona likitangazwa kwa namba ya tatu peke yake. Niliondoka.

Ndani mna gramu 600 za manyoya laini ya bata yenye uwezo wa kuvimba wa 800. Maana yake ni kwamba gramu 28 za manyoya hayo zikiachwa huru hujaza nafasi ya takriban lita 13. Hewa iliyonaswa humo ndiyo blanketi, na manyoya ni mshikaji wake tu. Fuko zima lina uzito wa gramu 1,150 na linaingia kwenye mfuko mdogo kuliko mto.

Nililijaribu mwezi mmoja kabla ya safari, kwenye kilele kidogo cha maandalizi, hema likiwa mita 3,400. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi hasi 4 alfajiri. Kwa lebo nilipaswa kulala kwa amani. Sikulala. Juu nilikuwa na joto, mgongo ukawa kama umelazwa juu ya saruji. Kosa lilikuwa kigodoro. Manyoya unayoyalalia yanabanwa, hewa inatoka, na kinachobaki kati yako na ardhi ni kigodoro chako. Changu kilikuwa chembamba, kizuizi chake cha joto, ile namba R, kilikuwa 1.5. Kwenye safari yenyewe nikatandika cha povu chenye R 2, na juu yake cha kupuliza chenye R 3.2. Namba hizo hujumlishwa. Kwa 5.2 nililala usiku wa nyuzi hasi 9 nikiwa na nguo za ndani ndefu, kofia na soksi kavu, na niliamka kwa sababu ya mkojo tu. Mkojo huo nao ni wa kawaida: mwili ukifika juu hutoa maji zaidi wakati unaanza kuzoea hewa.

Lawama zangu kwa fuko ni mbili. Zipu inakamata kitambaa cha ndani kila unapoharakisha, na usiku wenye baridi ndio unaoharakisha. Na manyoya yakilowa hayana kazi tena, kwa hiyo usipumulie ndani hata pua ikiganda. Pumzi ya usiku mmoja ni maji mengi kuliko unavyodhani. Mimi nililianika juu ya hema kila mchana jua lilipotoka, nusu saa, na nyumbani halikai kwenye mfuko wake wa kubana. Linaning'inia kabatini.

Vingine kwa kifupi. Fimbo za kutembelea: zifupishe ukipanda, zirefushe ukishuka, na bila hizo magoti yangu ya miaka 46 yasingefika. Taa ya kichwani: betri za lithiamu, kwa sababu za kawaida hukata roho kwenye baridi. Miwani: ya daraja la 4, inayopitisha mwanga wa asilimia 3 hadi 8 tu, kila mita 1,000 unazopanda mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10, na theluji mpya huweza kurudisha asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni kwako kutoka chini. Mrija wa maji wa kwenye shanta uliganda saa ya pili ya usiku wa kilele ingawa nilikuwa nayarudisha maji kwa kuupuliza kila nikinywa. Chupa ndiyo iliyoniokoa, nikiwa nimeigeuza kichwa chini ndani ya soksi nzito, maana barafu huanzia juu.

Lakini kuna kitu ambacho ngazi hazikunipa, na sitaki mtu asome habari za mizunguko ishirini akadhani ndiyo bima. Katika kundi letu alikuwepo kijana mkimbiaji, mwenye mapafu kuliko sisi wote. Mita 4,700 kichwa kilimshika, akatapika mara tatu, na kiongozi wetu akamshusha usiku uleule. Mazoezi hayakingi ugonjwa wa mwinuko. Hewa ya juu ina oksijeni kwa asilimia ileile 21. Kinachopungua ni mgandamizo, na ukifika mita 5,500 umebaki nusu ya ule wa usawa wa bahari. Dawa ni kwenda polepole: ukishapita mita 3,000, usiku hadi usiku usipandishe malazi zaidi ya mita 500, na kila siku ya tatu au ya nne upumzike. Tulipewa kuchagua siku sita au nane. Siku mbili zile za ziada ndicho kifaa bora nilichokuwa nacho, na ndicho ambacho watu hukipunguza kwanza wakitafuta nafuu. Mazoezi yalinisaidia kwa njia nyingine: jioni nilifika kambini nikiwa na nguvu za kunywa maji, kutandika na kuanika vitu, huku mwenzangu mwingine akilala na buti miguuni.

Usiku wa kilele tuliondoka saa sita, nyuzi hasi 14. Hapo ndipo buti zangu zilipofikia mpaka wake. Karibu na mita 5,400 vidole vya mguu wa kushoto vikafa ganzi, na nilitembea nusu saa nikivichezesha ndani ya soksi kila hatua hadi vikaanza kuuma, na kuuma kule nilikupokea kwa shukrani. Saizi 41 ilinisaidia hapa pia, kwa sababu penye nafasi ya kuchezesha vidole damu hupita. Buti hizi zina tabaka moja tu. Kwa baridi ya hasi 14 na mwendo wa kuendelea, zinatosha kwa kubana. Kwa hasi 20, au kama unasimama sana, chukua buti za matabaka mawili usihurumie uzito. Mimi kwa mlima mrefu zaidi ya huu nitafanya hivyo.

Kilele tulikifikia saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Nilikaa dakika kumi na tano, nikafunga kamba upya kwa lile fundo, tukashuka takriban mita 2,600 siku ileile. Changarawe ilikuwa inafika kwenye vifundo na buti zilipita ndani yake kama jembe. Jioni nilivua soksi nikahesabu kucha: kumi, zote za rangi yake.

Nimezisafisha kwa brashi na maji ya uvuguvugu, nikazipaka nta, na nimejiwekea siku moja kila mwezi ya kuzivaa ngazini ili povu lisilale. Soli imelika upande wa nje wa kisigino, lakini inabadilishika, na fundi yuleyule ameahidi kuibadilisha. Mdogo wangu, ambaye mwakani anakwenda mlima huohuo, ameziomba. Anasema tunavaa saizi moja. Nimemnyima. Nimempa chupa kumi na mbili, na Ijumaa jioni, akitoka kazini, nampeleka kwenye ule ubao.